Maswali kwa Fundi: Dramu ya Nyuma Haitoki

Barua za mara hii nyingi zinahusu breki za nyuma za gari za zamani, na tumeziweka pamoja kwa sababu majibu yake yanategemeana. Aliyeandika kutoka Konde asome na jibu la Paje, na wa Mkokotoni vilevile.

SWALI: Asalaam alaykum mafundi. Nina Hilux pikapu ya 1991, kazi yake ni kubeba magunia ya mwani. Breki ya nyuma upande wa kushoto inalia chuma kwa chuma. Nimevua tairi, nimeigonga dramu kutoka asubuhi hadi adhuhuri, haikucheza. Fundi wa jirani ananambia tuivunje tukanunue nyengine. Hakuna njia? (Msomaji, Paje)

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Usiivunje bado, na nyundo iweke chini kwanza. Kabla ya kutumia nguvu unatakiwa ujue imeshikwa wapi. Dramu ya gari yako hushikwa sehemu mbili: katikati, pale tundu lake linapovaa kitako cha ekseli, au ndani, pale breki shuu, yaani vile vipande viwili vya nusu duara vilivyovishwa lainingi ya kusugua, zinapoikamata. Dawa ya katikati haisaidii ndani, na ukikosea ndio unagonga mpaka adhuhuri.

Njia ya kujua ni kuizungusha kwa mkono, gari ikiwa juu, gia huru na hendibreki imeshushwa. Ikizunguka vizuri lakini ukiivuta haisogei hata unywele, ni kutu ya katikati. Ikisogea milimita chache ikagota, shuu zimenasa kwenye ukingo wa ndani wa dramu. Isipozunguka kabisa, shuu zimebana, na hapo mkosaji ni hendibreki, ajasta (kifaa cha kusogeza shuu karibu na dramu), silinda ya breki au lainingi iliyogandana na dramu kwa kukaa muda mrefu. Kwa kuwa yako inalia chuma kwa chuma, lainingi zimekwisha na dramu bila shaka imechimbika. Jitayarishe kwa yote mawili: kutu mwanzo, ukingo baadaye.

Gari iliyokaa vibaya huanguka wakati huu huu wa kugonga na kuvuta. Tia kabari mbele na nyuma ya tairi za mbele. Nati za tairi zilegeze gari ikiwa bado chini. Huko kwenu ardhi ni mchanga, jeki huzama. Iweke juu ya kipande cha ubao mgumu, kipana, unene wa inchi mbili. Ukishainua, weka stendi za chuma chini ya ekseli, pande zote mbili ukiweza. Matofali ya saruji na mawe ya matumbawe msitumie. Hubeba uzito vizuri mpaka yakapigwa mtikisiko, halafu hupasuka bila kutoa taarifa.

Sasa hendibreki. Kuishusha ndani ya gari hakutoshi, nenda ukaangalie nyuma ya gurudumu. Kwenye Hilux za umri huo waya huvuta mkono mdogo wa chuma uliofungwa nyuma ya sahani inayobeba breki shuu. Pini ya mkono huo hula kutu ikaganda, basi breki hubaki imevutwa nusu huku wewe umeishusha. Ukiona mkono haurudi wenyewe, utie mafuta ya kutu uusukume na kuurudisha mpaka ulegee. Ukikataa, fungua waya kabisa. Mkono huu ukiganda ajasta nayo huacha kufanya kazi, kwa sababu kwenye gari hizi ajasta hujikaza kila unapovuta hendibreki.

Baada ya hapo irejeshe ajasta nyuma. Kwenye sahani kuna tundu dogo refu lenye kizibo cha mpira. Kitoe, mulika kwa tochi, utaona kigurudumu chenye meno. Kuna ulimi wa chuma unaolala juu ya meno hayo kuzuia yasirudi nyuma, na wengi huchokonoa wakadhani ajasta imeganda kumbe ni ulimi unaishika. Bisibisi moja nyembamba isukume ulimi uachane na meno, ya pili izungushe kigurudumu. Ukiona dramu inazidi kuwa nzito kuzungusha, umekwenda kinyume, geuza upande. Meno 15 au 20 yanatosha kwa kuanzia.

Tukija kwenye kutu yenyewe: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo baina ya tundu la dramu na kitako cha ekseli inakuwa kabari ya duara zima. Na mizigo ya mwani inadondosha maji ya bahari juu ya ekseli kila safari. Lita moja ya maji hayo ina gramu 35 hivi za chumvi, na chumvi ikishaingia pale katikati huvuta unyevu wa hewa usiku kucha, hata kiangazi.

Sugua kwa brashi ya waya mzingo wa katikati na mzizi wa kila stadi, yaani bolti zinazofungwa nati za tairi, mpaka uuone mstari mwembamba unaotenganisha dramu na ekseli. Ukiwa umejaa kutu na tope, ukwangue kwa tindo nyembamba au msumari ulionolewa. Bila hivyo mafuta hayana pa kupenya. Halafu tia mafuta ya kutu ya kopo, au changanya nusu kwa nusu dizeli na oili ya gia otomatiki. Matone tu, mara tatu nne kwa siku, na uache ilale usiku mmoja. Ukiyamimina, yanayozidi hupita ndani yakailowesha lainingi, na lainingi iliyokunywa mafuta ni ya kutupa. Mafuta ya nazi tunaulizwa sana: ni mazito, hayapenyi. Mafuta ya taa yanapenya, ila yanakauka mapema, kwa hiyo yanataka kurudiwa.

Asubuhi yake, angalia uso wa dramu baina ya stadi. Utaona matundu mawili madogo yanayotazamana, yana uzi ndani. Wengi hudhani hapo palikuwa na skurubu zikapotea. Matundu hayo yaliwekwa kiwandani kwa kazi hii hii: bolti ikikazwa humo ncha yake inagota kwenye kitako cha ekseli na dramu inasukumwa nje. Kwa Toyota nyingi ni bolti ya milimita 8, uzi wa 1.25. Tafuta mbili zenye uzi mwili mzima, urefu milimita 40 au zaidi, kichwani ziandikwe 8.8, laini zitakatika. Safisha uzi wa matundu kwa tepu (chuma cha kukatia uzi) ya saizi hiyo, au ingiza na kutoa bolti yenye mafuta mara kadhaa mpaka ipite kwa mkono.

Kaza zote mbili kwa vidole mpaka ziguse. Kisha spana: nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Ukikaza moja peke yake dramu inakaa upande na kujibana zaidi. Zikishakuwa ngumu, simama. Hapa ndipo bolti hukatwa na uzi wa dramu hunyofolewa, kwa mtu kutaka spana imalize kazi ya nyundo. Ziache zimekaza hivyo hivyo, chukua nyundo ya kilo moja na nusu au mbili, upige uso wa dramu baina ya stadi, pigo zito la kunyooka, ukizunguka duara zima. Tia mafuta, kaza robo, piga tena. Sikiliza sauti. Iliyoshikwa hutoa mlio mfu, wa kuzibwa. Ikianza kuachia mlio unafunguka, na ukigusa bolti unazikuta zimelegea ingawa hukuzigusa. Hapo umeshashinda.

Mambo mawili kabla ya pigo la kwanza. Rudisha nati mbili tatu kwenye stadi, nyuzi chache tu, ili dramu ikiruka isikuangukie miguuni na nyundo ikiteleza isiharibu uzi wa stadi. Na usipige ukingo wa nje wa dramu. Ni chuma cha kusubu, hakipindi, humeguka, na mara nyengine ufa wake hauonekani mpaka breki ikishapata moto barabarani. Pula ya miguu mitatu inayoshika ukingo huo ina hatari hiyo hiyo.

Uzi wa dramu ukikatika, toboa matundu hayo utie uzi wa milimita 10.

Moto wa gesi uwe wa mwisho, na una masharti. Futa mafuta yote ya kutu kwanza, yanawaka. Kama ulipuliza dawa ya kusafishia breki, usiwashe moto kabisa: baadhi ya dawa hizo zikipata moto hutoa gesi ya sumu. Pasha dramu peke yake, kuzunguka tundu la katikati, haraka, moto ukitembea. Isifike kuwa nyekundu. Tundu la milimita 100 likipanda joto kwa nyuzi 100 hupanuka kama sehemu ya kumi ya milimita, na hiyo inatosha kuvunja mshiko wa kutu kama ekseli bado ni baridi. Ukichelewa, ekseli nayo inapata moto, vyote vinapanuka, hujapata kitu, na sili ya oili na mipira ya silinda umeshaiunguza. Mtu asimame pembeni na ndoo ya mchanga.

Ikitoka milimita chache ikagota, hayo ni ya ukingo, na jibu la barua ya Konde hapa chini ndiyo yako pia.

Ikishatoka usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za zamani nyingi zilikuwa na asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa matambara, tia kwenye mfuko ufunge. Kisha pima. Dramu imeandikwa kikomo chake baada ya neno MAX: Hilux yenye dramu ya milimita 295 kikomo ni 297, yenye 254 ni 256. Ikiwa ndani ya kikomo mpelekee mkerezaji, na akereze zote mbili, kulia na kushoto, kwa kipimo kimoja. Ukikereza moja gari itavuta upande. Ikishapita kikomo, basi jirani yako alikuwa sahihi kwamba inunuliwe nyengine.

SWALI: Hamjambo. Lori letu la Kijapani la tani 3, la kubebea mawe na mchanga, dramu ya nyuma imekubali kutoka upana wa kidole kisha imegota. Tumeichokonoa kwa mtaimbo, sahani ya nyuma imeanza kupinda. La pili, tulipoinua gurudumu hilo moja lori lilisogea ingawa hendibreki ilikuwa juu. Hendibreki ni mbovu? (Wasomaji wawili, Konde)

JIBU: Hatujambo. Tuanze na la pili maana linaua watu. Hendibreki yenu yumkini ni nzima. Malori mengi ya aina hiyo hayana hendibreki ndani ya dramu za nyuma. Iko peke yake nyuma ya giaboksi, inashika propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Tairi zote mbili zikiwa chini inashika vizuri. Ukiinua moja, difu, yaani gia za katikati ya ekseli, inaruhusu lile la juu lizunguke upande mmoja na la chini lizunguke kinyume, shafti imeshikwa vilevile, na lori linaondoka. Kwa hiyo kabari kwenye tairi za mbele, pande zote, ndiyo breki yenu wakati wa kazi hii. Kutia gia hakusaidii, sababu ni hiyo hiyo.

Mtaimbo uacheni. Sahani ikipinda dramu itakuja kuikwaruza ikirudi, na shuu hazitakaa wima tena. Kilichotokea ni kwamba lainingi imeila dramu kila siku mahali pale pale, ikachimba, na ukingo wa ndani ambao lainingi haiufikii umebaki mrefu. Dramu inapotoka ukingo huo unagota kwenye ubavu wa shuu. Kuvuta zaidi ni kuvuta shuu, springi na pini zake zote kwa pamoja.

Irudisheni dramu ndani mpaka izunguke tena, halafu legezeni ajasta. Na hapa malori yanatofautiana na pikapu: mengi yana ajasta zaidi ya moja kwa kila gurudumu, kila shuu na yake. Hesabuni vizibo vya mpira nyuma ya sahani. Mkilegeza moja na kuisahau nyengine, shuu moja inarudi na ya pili bado imenasa, na ndiyo hali ya barua nyingi tunazopata za "tumelegeza lakini haikusaidia". Legezeni yote mpaka mwisho, pigeni ubavu wa dramu kuzunguka, nyundo ya mbao au ya chuma juu ya kipande cha ubao, ili shuu zirudi ndani. Kisha vuteni kwa kutikisa, juu na chini, kushoto na kulia. Moja kwa moja haitoki.

Shuu zikikataa kurudi, fungueni nipeli ya kutolea upepo ya gurudumu hilo robo mzunguko, na mpira mwembamba mwishoni uingie kwenye chupa. Mafuta yakiruka kwa nguvu na dramu ikalegea hapo hapo, kulikuwa na shinikizo limenaswa. Ekseli ya nyuma kwa kawaida ina mpira mmoja wa breki unaohudumia magurudumu yote mawili, kwa hiyo ukiziba kwa ndani yote mawili hung'ang'ania. Likibana moja tu, msiulaumu mpira. Piston ya silinda ya gurudumu hilo ndiyo imekwama kwa kutu.

Ajasta iliyoganda kabisa inabakisha njia moja. Kila shuu imeshikwa kwenye sahani kwa pini yenye kichwa kinachoonekana nyuma. Kateni vichwa hivyo kwa tindo au grenda. Shuu zikikosa pini zinaweza kuinama na kuupisha ukingo. Hesabuni kwamba mtanunua pini, springi na vikombe vyake vipya, kwa hiyo msikate kabla ya kujua vinapatikana Chake au vitasubiri meli kutoka Dar es Salaam. Lori lililokaa juu ya stendi wiki nzima uani ni hatari kwa watoto.

Ukingo wenyewe mkerezaji auondoe. Kuna wanaoukata kwa grenda ya mkono. Dramu inatoka haina uwiano na lori linatetemeka kila mkishika breki.

Jambo la mwisho kwenu, na hamkuliuliza. Malori ya zamani ya Kijapani mengi yana uzi wa kinyume kwenye stadi za upande wa kushoto. Angalieni ncha ya stadi, ikiwa na herufi L nati inalegezwa kwa kuzungusha kulia. Watu wamening'inia kwenye bomba la mita mbili wakikaza walichodhani wanakifungua, mpaka stadi ikakatika.

SWALI: Gari yetu inarudi nyuma mpaka majini kupokea mizigo ya mashua kutoka Tumbatu. Kila baada ya miezi michache dramu zinaganda. Fundi ameamua kupaka grisi kila mahali ndani. Ni sawa? (Msomaji, Mkokotoni)

JIBU: Si sawa. Grisi ya kawaida ikipata moto wa breki huyeyuka, na safari yake ni kuelekea kwenye lainingi. Ndani ya dramu grisi ina mahali pachache pa kukaa: vile vibao vidogo vilivyoinuka kwenye sahani ambapo kingo za shuu husugua, kwa kawaida sita, na uzi wa ajasta. Iwe ya kuhimili joto, na kiasi cha kupakwa kwa kidole kisha kufutwa. Nje, kwenye kitako cha ekseli panapovaliwa na tundu la dramu, sugua mpaka chuma king'ae kisha paka grisi ya shaba nyembamba. Hapo ndipo gari yako inapoganda, na hapo ndipo grisi inapofaa. Uzi wa stadi za tairi usiupake. Nati ikiteleza kwenye grisi hukazwa kupita kiasi na stadi huvutika.

Lakini tatizo lako kubwa pengine si dramu. Ekseli iliyotoka Mjini na mzigo inafika pwani ikiwa moto. Ukiizamisha ghafla, hewa iliyo ndani inapoa, inanywea, na ekseli inavuta maji ya bahari kupitia kipumulio chake cha juu na kwenye midomo ya sili. Fungua bolti ya kuangalia kiwango cha oili ya difu: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia, na beringi hazina muda. Imwage, tia mpya, tembeza kidogo, imwage tena. Kipumulio kisafishe kila unapobadilisha oili. Kikiziba kwa tope, oili ikipata moto hukosa pa kupumulia ikasukuma sili, na unaikuta ndani ya dramu. Bora ukivue ukifunge mpira mrefu, uupandishe mpaka juu ya chesisi.

Ukifika pwani subiri ekseli ipoe kabla ya kuingia majini, kama maji kupwa hayakufukuzi. Ukitoka, osha siku hiyo hiyo kwa maji ya bomba, ukipeleka mpira nyuma ya sahani, si kwenye tairi tu. Maji ya kisima yaonje kwanza. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na hapo utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi. Baada ya kuosha endesha taratibu mguu ukigusa breki mpaka zikauke. Usiku usivute hendibreki, tia kabari. Na dramu zivuliwe kwa hiari mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake. Zikivuliwa hivyo hazipati muda wa kuganda.

SWALI: Nimebadilisha breki shuu, nimerudisha kila kitu, sasa gurudumu moja linapata moto hadi linanuka. (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Umekaza ajasta kupita kiasi, au hendibreki hairudi. Inua, legeza waya wa hendibreki kabisa, halafu kaza ajasta mpaka dramu ishike, kisha irudishe meno machache hadi izunguke ukisikia mkwaruzo mwepesi tu. Kanyaga breki mara kadhaa shuu zijipange, zungusha tena. Waya wa hendibreki unakazwa mwisho, si mwanzo. Ukianza nao unaificha kasoro ya ajasta. Kama hapo bado ni nzito, vua uangalie upande wa shuu. Kwenye gari nyingi shuu ya mbele na ya nyuma hazifanani kwa urefu wa lainingi, na springi zina rangi za kutofautisha. Kuanzia sasa vua upande mmoja kwanza, ule wa pili uache mzima uwe wa kuangalizia.

Pedali ikizama kama sponji, hilo ni jengine: toa upepo, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mafuta ya breki yawe ya kopo jipya, yale yaliyobaki wazi kabatini tangu mwaka jana yameshanyonya unyevu.

SWALI: Lori letu ni kubwa, la tani 7. Dramu haina matundu ya uzi wala haionekani pa kutokea. Tupige moto? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

JIBU: Msipige chochote mpaka mjue imefungwa vipi. Vueni tairi mtazame: kama rimu ilikuwa imekaa juu ya uso wa dramu, dramu iko nje na inavuliwa kama tulivyoeleza. Kama rimu ilikaa moja kwa moja juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachozunguka kwenye beringi, na dramu iko nyuma yake, dramu haitatoka peke yake hata mkiipasua. Hiyo inatoka pamoja na habu: mnafungua nati za kichwa cha ekseli shafti, mnavuta shafti, mnafungua nati kubwa ya beringi na ya kuifungia, ndipo habu na dramu zije pamoja.

Wekeni karai chini, oili ya difu itamwagika mkivuta shafti. Pete za kabari zilizo kwenye stadi za shafti hazitoki kwa kuvutwa. Pigeni katikati ya kichwa cha shafti kwa nyundo ya shaba, zitaruka zenyewe. Msisimame mbele yake. Habu na dramu yake hushinda nguvu za watu wawili, ingizeni jeki ya magurudumu au ubao uliopakwa grisi chini yake, ivutwe bila kuinama, na irudishwe vilevile, kwa sababu ikiinama sili mpya inakatwa na uzi wa ekseli. Sili ya zamani msiirudishe hata ikionekana nzima. Nati ya beringi ikazwe huku habu inazungushwa, kisha irudishwe kwa kipimo cha kitabu cha lori hilo, maana kila aina ina chake.